Mzee Shiundu Aliwajua Wote

Jumanne, 18 Machi

Leo nimetoka rumande. Wakili wangu, Wanja, ameniagiza niandike kila kinachotokea hadi kesi iishe, ili nisije nikajikanyaga mbele ya hakimu. Polisi walibeba kompyuta zote za saiba yangu hapa Mowlem, kwa hiyo naandika kwa mkono. Mwandiko wangu ni aibu. Mimi niliyekuwa nalipwa kuwajazia watu fomu siwezi kusoma herufi zangu mwenyewe.

Nianze na Ijumaa, siku niliyosomewa mashtaka. Nilipopandishwa kizimbani nilitupa jicho kwa umati nikamwona mama mkwe wangu kwenye benchi ya mbele. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Chegulo, hatimiliki ya shamba imefungwa ndani ya leso juu ya mapaja yake. Mke wangu, Nangila, yuko Ayalandi anatunza wazee kwenye makao yao, na hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia simu aje kunidhamini. Kwetu Waluhya mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja humpisha mwenzake. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumtazama mama yule usoni zaidi ya salamu. Sasa alikuwa amewekwa pale anitazame nikiwa sina mshipi wala kamba za viatu.

Karani akasoma kwa Kiswahili safi, kila mtu asikie. Kwamba mimi, Lusweti, nilitoa taarifa za uongo ili watu wapate paspoti. Kwamba kwenye fomu zao nilimwandika Shiundu, karani mstaafu wa baraza la jiji, kuwa shahidi anayewajua tangu utotoni, nikamtilia saini, nikijua fika kwamba Shiundu ni marehemu.

Shiundu alikuwa mume wa mama yule. Nilimwona mama akiacha kuchezea fundo la leso.

Sikuanza kwa ubaya. Fomu ya paspoti inataka mtu mwenye kazi ya heshima aseme anamjua mwombaji. Vijana wa huku kwetu, wa Njiru, wa Dandora, wanamjua kinyozi na mwenye kioski. Mzee alipokuwa hai alikuwa akishinda saibani kwangu Jumamosi, chai mkononi, akimpigisha gumzo kila anayeingia kabla hajamsainia. "Weka jina langu," alikuwa akisema. "Watoto wa watu waende kazi." Akafa Agosti mwaka juzi. Foleni haikufa. Wiki ile ile tuliyomzika mtu alikuja na fomu, ana haraka, amebeba picha zake za paspoti kwenye bahasha, na mimi nikagundua kwamba mkono wangu unaijua saini ya mzee.

Karani hakuishia hapo. Alisoma pia ya simu. Kuna msichana alizuiwa uwanja wa ndege, wakala wake alikuwa amemwongezea umri, na afisa akaamua kumpigia shahidi wake. Namba iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa yangu. Nilipokea nikiwa nakunywa soda. Afisa akauliza, "Ni mzee Shiundu?" Nikakohoa kidogo, nikaizeesha sauti, nikasema, "Ndiye." Nikamweleza kwamba msichana yule nilimpakata siku aliyozaliwa.

Watu kortini walicheka. Hata askari. Mama mkwe alikuwa anaangalia sakafu.

Hakimu akaamuru niachiliwe kwa dhamana, mdhamini awe na ardhi, paspoti yangu ikae kortini mpaka kesi iamuliwe, na nisithubutu kuomba nyingine. Mwenye kesi ya hati za kusafiria, alisema, ndiye mtu wa mwisho kuachiwa hati ya kusafiria. Nilijua mama atainuka arudi kwake. Lakini leo, hatimiliki ilipomaliza kukaguliwa, ameandika jina lake polepole mahali alipoonyeshwa. Tulipotoka nje alimwambia Wanja, nami nimesimama hapo hapo kando, "Mwambie nimesikia."

Alhamisi, 20 Machi

Mama hajarudi Chegulo. Yuko kwa Millicent, jirani yetu wa mlango wa pili. Hawezi kulala kwangu, na hawezi kuondoka, kwa sababu kuna Elsie wa kuangaliwa na mimi akili yangu haipo. Elsie ana miaka saba. Yeye ndiye anayetubebea maneno, mimi na Kukhu, yaani bibi yake.

"Kukhu amesema ule hii mboga ikiwa moto."

"Mwambie Kukhu asante."

Akavuka korido, akarudi mbio. "Amesema si yako peke yako. Uniachie."

Niandike lililo muhimu, maana Wanja atalitaka. Viza zetu zilitoka Februari, yangu na ya Elsie. Mwisho wa kuingia Ayalandi ni tarehe 31 Mei. Ikipita, tunaanza upya, na Nangila ametungoja miaka miwili akiosha wazee wa watu na kulala chumba kimoja na sanduku lake. Viza ya Elsie iko ndani ya paspoti yake, kabatini. Yangu iko ndani ya paspoti iliyo kortini.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Millicent amesema nimeombewa kwa jina. Afadhali wangenisahau.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza, na mitaro imejaa tayari. Nimefagia maji saibani asubuhi na jioni ingawa hakuna kitu cha kulowa.

Elsie alikuja na swali. "Kukhu anauliza ni akina nani."

"Akina nani nani?"

"Wale Kuka anawajua."

Kuka ni babu yake, mzee Shiundu. Nilimwambia amwambie Kukhu asubiri babake afikirie. Sijafikiria. Nimelala na viatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbaya. Nilikuwa saibani na ufagio, mlango nusu wazi, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Ni Anyango, msichana wa Njiru niliyemtengenezea paspoti mwaka jana. Nywele zilikuwa zinamchuruzika maji.

"Niaje, Lusweti."

"Salama. Karibu ndani."

"Sijakam kukaa. Nimetoka kwa watu wa paspoti. Yangu wameisimamisha. Wanasema wote tulioandikwa huyo mzee zimesimamishwa, hadi tuandikishe maelezo, tulete mtu mwingine anatujua."

"Itanyooka. Ni muda tu."

"Muda gani, brathe? Ndege yangu ni tarehe kumi. Hoteli Doha, nimesaini kontrakti. Kazi ya fakitori nilishaacha." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniua. "Unajua waliniuliza nini? Huyu mzee alikujua aje. Nikasema ni wa kanisa yetu. Niliapa, Lusweti. Kumbe naapia maiti."

Nilimwambia nimekosa. Akasema sawa, lakini hiyo haimpandishi ndege. Ukutani juu ya kichwa chake lilikuwa bado limebandikwa tangazo langu, Paspoti Haraka, Hapa Ndipo. Nilitamani lidondoke lenyewe.

Sijui mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Alikuwa amemsindikiza Elsie kuniletea chakula, na mwavuli wa Millicent ulikuwa umegeuzwa na upepo. Hakuniangalia. Alimwangalia Anyango kuanzia miguu hadi kichwa, akauliza, "Wewe ni mmoja wa wale watoto wa mzee wangu?"

Anyango akanigeukia, nami nikaangalia ufagio. Ilibidi amjibu mwenyewe. "Nafikiri ndiyo, Mama."

"Umekula?"

"Sijakula."

"Twende."

Wakaondoka watatu chini ya mwavuli uliovunjika. Nikabaki na sufuria yangu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Stima zimepotea tangu jana.

Jumatano, 9 Aprili

Wiki nzima mama anatoka asubuhi na kurudi amelowa hadi magotini. Nilidhani anaenda kwa wakili kuulizia shamba lake. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba amebaki Nairobi kunilinda nisitoroke, na nilikuwa nimeanza kumchukia kwa hilo, kidogo kidogo, kila Elsie akiniletea ujumbe. Leo Millicent amenikuta bombani akanipasulia.

"Unajua Mama huwa anaenda wapi?"

"Sijui."

"Anaenda kwa hao watu wako. Huyo msichana Mjaluo ndiye anampeleka. Jana walikuwa Pumwani kwa fundi cherehani anaitwa Kadar. Mama amekaa kwake mpaka alasiri, anamuuliza mamake ni nani, alisomea wapi, alioa lini. Halafu wakaenda pamoja kwa mwalimu wake wa madrasa, akaulizwa kama anaweza kumsimamia kijana. Amekubali."

"Kwa nini anafanya hivyo?"

Millicent aliweka mtungi chini. "Anasema mzee ameandikwa mahali kwamba anawajua. Yeye ni mke wake. Hataki mzee aitwe muongo na hawezi kujitetea."

Nilirudi nyumbani maji nimeyasahau bombani. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwanamke wa umri ule anavuka madimbwi ya Dandora ili maneno niliyoandika mimi yawe kweli, na mimi nimekaa nikimhesabia ubaya. Nilitaka kwenda kugonga mlango wa Millicent nimwombe msamaha uso kwa uso. Lakini mtu haendi kumgongea mama mkwe wake mlango, na kusema kweli nilifurahi kwamba desturi ilinikataza.

Jumamosi, 12 Aprili

Ndege ya Anyango ilienda juzi bila yeye. Hoteli imempa mtu mwingine nafasi.

Nangila alipiga simu mchana, akiwa mapumzikoni. Alisema amezungumza na Wanja. Kuna njia. Tunaweza kuiomba korti inirudishie paspoti kwa wiki tatu tu, nimpeleke Elsie kwa mamake, kisha nirudi kujibu kesi. Mdhamini akikubali kwamba shamba lake lisimame kwa ajili ya kurudi kwangu, hakimu anaweza kulegea.

"Sawa," nikasema. "Wiki tatu si haba."

Nilisikia mashine ya chai ikikoroma huko kwao. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lusweti, ukishafika umefika."

Nilielewa, lakini nikamuuliza kana kwamba sikuelewa. "Na shamba la Mama?"

"Mama ni mama yangu. Nitajua la kufanya."

"Baba yako amezikwa pale."

"Nimelala peke yangu miaka miwili. Usinihubirie."

Nikasema sawa. Sawa hiyo ya pili si kama ya kwanza, na sote wawili tulijua. Lililo baya zaidi ni kwamba baada ya kukata simu nilijisikia vizuri. Nilijiona nimevaa koti zito, nimemshika Elsie mkono, barabara safi, hakuna mtu hata mmoja anayenijua. Nililala usingizi mzuri mchana kweupe. Nilipoamka kulikuwa na sahani mezani, imefunikwa na sahani nyingine, na Elsie ananiambia Kukhu amesema nisiamshwe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwa Millicent palijaa. Nilisikia sauti ya Anyango, na ya mwanamume ambaye baadaye niliambiwa ni Kadar, alikuja na maandazi ya mkewe. Mama alikuwa akiwatambulisha kwa watu wa kanisa mmoja mmoja, huyu ni mtoto wa fulani, anaishi pahali fulani. Nilikaa kitandani nikisikiliza kupitia ukutani.

Saa saba Elsie akaleta kuku kwenye bakuli, anatembea kwa uangalifu asimwage mchuzi. "Kukhu amesema usimgawie mtu, hii ni yako na mimi nisiiguse."

Ilikuwa firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na mkwe akipewa na mama wa mkewe amepewa heshima ambayo hapewi mgeni. Elsie alikaa mbele yangu anione nikila. Niliitia mdomoni nikaitafuna muda mrefu, haikushuka. Nikamwambia mtoto naumwa jino.

Jumatano, 30 Aprili

Kesi imetajwa. Wanja amewasilisha ombi. Kiongozi wa mashtaka, kijana mwenye suti iliyombana, amelipinga. Amesema mshtakiwa ana mke ng'ambo, ana viza, ana kila sababu ya kwenda na hana hata moja ya kurudi. Nilimkasirikia sana, mpaka nilipokumbuka kwamba anasema kweli. Hakimu ametaka mdhamini afike mwenyewe tarehe 12 Mei aseme kama anakubali.

Nyumbani Elsie akaja na jibu kabla sijatuma swali. "Kukhu amesema atakuja."

Jumatatu, 5 Mei

Jino la mbele la Elsie limetoka. Ameliweka kwenye kibweta cha nguo za safari ili mamake alione.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianzie wapi. Wanja alikuwa amenifanyisha mazoezi tangu wiki jana. Ukiulizwa kama utarudi, alisema, usieleze mambo mengi. Sema, Nitarudi, Mheshimiwa. Neno moja na cheo. Nilikuwa nimelisema bafuni mpaka likawa laini.

Mvua ilikuwa inapiga paa la korti, hakimu akawa anazungumza kwa nguvu. Mama aliitwa mbele. Alikuwa amevaa rinda la kanisani na sweta ya Millicent, nami nilikuwa hatua chache kando yake, karibu kuliko nilivyowahi kuwa. Nilijisogeza nyuma kwa mazoea, askari akanirudisha.

"Unafahamu," hakimu akamwuliza, "kwamba ukikubali na asirudi, shamba lako linaweza kuchukuliwa na serikali?"

"Nafahamu."

"Una mahali pengine?"

"Sina."

"Mshtakiwa unamjua?"

"Ni mkwe wangu."

"Mimi nataka kujua jambo moja tu, Mama. Atarudi?"

Mama hakujibu. Hakimu akafikiri mvua imemzuia kusikia, akarudia. Kiongozi wa mashtaka akaanza kuandika. Ndipo mama akasema, "Mheshimiwa, mimi siku hizi nazunguka naulizia watu ili niwajue. Huyu sijamuuliza."

Kicheko kidogo kikapita nyuma. Hakimu hakucheka. "Muulize basi."

Akanigeukia. Hajawahi kuniita jina tangu nimuoe mtoto wake. Nilikuwa Baba Elsie, nilikuwa yule, nilikuwa mwambie baba yako.

"Lusweti."

"Naam, Mama."

"Utarudi?"

Macho yake ni ya Nangila. Sikuwa najua, kwa sababu sikuwahi kuyatazama. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Wanja alikuwa ananitazama kando, kidevu kinapanda na kushuka, sema, sema. Na mimi ni mtu ambaye alipokea simu akiwa na chupa ya soda akawa marehemu bila hata kufikiria. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilisikia mvua ikipungua, kisha ikaongezeka tena.

Sikusema nitarudi. Sikusema sitarudi pia, niandike ukweli, sikuwa shujaa. Nilisimama tu jasho likinitoka, na kila mtu mle ndani akaona.

"Korti imesikia," hakimu akasema. Ombi limekataliwa. Mtoto yuko huru kusafiri, shirika la ndege lina wahudumu wa kusindikiza watoto. Paspoti ya mshtakiwa itabaki.

Tulipotoka, Wanja alinipita kwenye ngazi bila neno. Mama alikuwa amesimama barazani akingoja mvua ipungue. Nilisimama mbali kama inavyotakiwa. Alizungumza akiangalia mvua, lakini hakukuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

"Ungesema ndiyo, ningekubali."

"Ungekuwa uongo, Mama."

"Nilijua. Nangila nimemzaa, najua anavyopanga mambo yake. Nilikuja hapa nimeshaliaga shamba." Alivuta sweta. "Mzee angekasirika, lakini mzee hayuko. Mtoto wangu yuko."

"Kama ulijua, mbona uliniuliza?"

"Niliulizwa mbele ya watu, nikaona nikijibu nitasema uongo. Sijauzoea. Nikakuachia wewe, wewe umezoea."

Mvua haikupungua. Akaondoka nayo vivyo hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Nangila alipiga. Sikumficha kitu, nilimwambia hata lile la barazani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mlisimama hapo," akasema, "wewe na Mama, kila mmoja anamsukumia mwenzake uongo, hakuna aliyeusema."

"Nangila, mimi..."

"Nyinyi mmepata unyoofu wenu. Mimi ndiye nalala peke yangu." Kisha akauliza saizi ya viatu vya Elsie, maana huko bado kuna baridi, na nikamtajia.

Jumatano, 14 Mei

Tangazo la Paspoti Haraka nimelibandua. Gundi ilikuwa kali, limetoka na rangi ya ukuta.

Jumatatu, 19 Mei

Anyango amepita kumwambia mama kwamba paspoti yake imefunguliwa, pasta wao na mwalimu wake wa shule ya msingi walimsimamia. Kazi bado hana. Nilikutana naye kwenye korido nikamwambia nimefurahi. Akasema, "Sawa, Lusweti," kama anavyomjibu kondakta, akapita.

Alhamisi, 22 Mei

Elsie ameondoka.

Mlangoni mwa uwanja wa ndege wanaosindikiza hawaruhusiwi kupita mbali. Mhudumu wa ndege, msichana mchangamfu mwenye kitambaa shingoni, alikuja kumchukua. Alikagua kitambulisho changu, akaniuliza mbona baba haendi naye. Elsie akamjibu kabla sijapata la kusema. "Baba paspoti yake iko kortini." Alilisema kama anavyosema viatu viko kwa fundi. Mhudumu akanirudishia kitambulisho bila kunitazama usoni, akasema sawa, sawa kabisa.

Nilipiga magoti nimfunge zipu ya jaketi, nayo ilikuwa imeshafungwa. Nikaifungua nikaifunga tena. Mama alimshika kichwa akamwombea kwa Kiluhya, maneno mengi, mhudumu akawa anaangalia saa. Kisha wakaenda. Elsie aligeuka mara moja kunionyesha pengo la jino, akapotea kwenye kona.

Tulirudi Mowlem mimi na mama, kila mmoja upande wake. Hakuna mtu wa kutubebea maneno tena, kwa hiyo hatukuwa nayo.

Jumatatu, 26 Mei

Mama amerudi Chegulo kupalilia. Atakuja kesi ikitajwa. Hilo amemwambia Millicent.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua imekwisha, au imepumzika. Vumbi limeanza kurudi barabarani.

Leo ni siku ya mwisho ya viza yangu. Nilifikiri nitahisi kitu saa sita, nikawa naangalia saa, lakini nilikuwa nafua shuka na saa sita ikapita. Viza imeisha ndani ya kabati la korti, mahali ambapo hakuna hata anayejua kwamba iko.

Jioni Elsie alipiga kwa simu ya mamake. Picha ilikuwa inakatika katika. Ana rafiki, mbwa wa jirani. Ameanza shule na wanamwita Elsie vizuri, hawakosei. Mamake amelihifadhi jino kwenye glasi. Anakula viazi kila siku na amechoka navyo. Nyuma yake nilimwona Nangila akipita na kurudi, akikunja nguo, hakukaribia simu.

"Baba, unakuja lini?"

Disemba. Neno lilikuja lenyewe, jepesi, na nyuma yake mengine yamejipanga, Krismasi, theluji, nitakuletea zawadi. Mtoto wa miaka saba haulizi zaidi ya hapo. Angelala vizuri. Hata Nangila, naamini, alikuwa amesimama na nguo mkononi akingoja nilitamke.

"Sijui, Elsie."

"Hujui mwezi ama hujui kama utakuja?"

"Vyote. Sijui."

Alinitazama kwenye kioo cha simu, uso wake umeganda kwa sababu ya mtandao, mdomo nusu wazi. Picha iliporudi kusogea alikuwa ameshageuka pembeni. Nikamsikia akisema, "Mama, Baba hajui." Picha ikaonyesha dari ya chumba chao, taa na waya wake, mpaka simu ikakatika.